Yusuf bin Hasan: kijana aliyeiteka Fort Jesus na hakujua pa kusimama

Mtu wa Mombasa akikwambia anaijua historia ya Fort Jesus, muulize swali moja tu: nani alikuwa wa kwanza kuwanyang'anya Wareno ile ngome? Wengi watataja Waomani. Wengine watasema Wamazrui. Wote wamechelewa. Waomani waliizingira Machi 1696 na kuichukua Desemba 1698. Miaka 67 kabla yao, mtawala mmoja kijana, umri wake kama miaka 24 hivi, aliingia mle ndani na watu wake wakiwa na silaha, na usiku ulipoisha ngome ilikuwa yake.

Anaitwa Yusuf bin Hasan. Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia.

Namleta hapa si kwa kupiga stori za kale tu. Kuna swali ambalo kila maskani ya Mombasa ina jibu lake, kuanzia Kibokoni mpaka Majengo, na majibu mengi ni ya kubahatisha: ukishambuliwa unaruhusiwa kufanya nini? Je, ukiwa na kisu, panga au bunduki ya leseni, unaruhusiwa kufika wapi? Wengine wanadhani kujitetea ni kama tikiti, ukishaikata unasafiri mpaka unapotaka. Maisha ya Yusuf yanaonyesha kwamba tikiti hiyo ina kituo. Ukikipita, safari si ile tena.

Kwa hivyo twende naye tangu mwanzo.

NYUMBA YENYE MGENI MWENYE BUNDUKI

Ili umwelewe Yusuf lazima uelewe ukoo wake ulifikaje Mombasa. Kumbe hawakuwa watawala wa hapa. Walikuwa masultani wa Malindi.

Vasco da Gama alipopita pwani hii mwaka 1498, Mombasa haikumpokea vizuri, Malindi ikamkaribisha. Tangu hapo Wareno na Malindi wakawa marafiki, na Mombasa ikalipia. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji na kuuchoma. Mwaka 1528 ukachomwa tena. Mwaka 1589 Wareno walirudi kuwafukuza Waturuki waliokuwa wamejikita hapa, na wakati huohuo Wazimba wakaingia kisiwani kutoka bara. Mombasa ikabaki hoi.

Ndipo Sultani wa Malindi, kwa msaada wa Wasegeju, akauchukua mji na kuhamia huku. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa akiwafanyia kazi. Makubaliano yalikuwa kwamba Sultani atawale mji na apate theluthi ya ushuru wa forodha. Wareno washike ngome na bahari.

Hebu fikiria. Mtu anakusaidia kupata nyumba, lakini anabaki sebuleni na bunduki magotini, anakula chakula chako, na kila ukitaka kupita anakutazama. Kwa jina nyumba ni yako. Huo ndio ufalme aliozaliwa nao Yusuf, yapata mwaka 1607.

BABA ANAKIMBIA

Baba yake, Hasan bin Ahmad, hakuelewana na makapteni wa ngome. Mizozo ilikuwa ya pesa, ya biashara na ya heshima. Nani anatoa amri mjini? Nani anasimama nani akipita? Mambo yakachacha mpaka mwaka 1614 Hasan akaona usalama wake hauko tena kisiwani. Akavuka kwenda bara, upande wa Rabai, kutafuta hifadhi.

Hakuipata. Wareno waliwahonga watu wa huko, na Sultani akauawa na watu aliowakimbilia. Kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India.

Shika jambo hili, maana tutalirudia mbele: baba alijaribu njia ambayo wazee wote hutushauri. Ukiona hatari, ondoka. Aliondoka. Hatari ikamfuata.

MTOTO ANALELEWA NA WALIOMUUA BABAKE

Yusuf alikuwa na miaka kama saba. Wareno wakampeleka Goa, mji uleule kilikopelekwa kichwa cha baba yake. Huko akalelewa na mapadre wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo. Akajifunza Kireno, akajifunza kula, kuvaa na kusali kama wao. Alipokua akahudumu katika meli zao za kivita na akaoa mke Mkristo.

Kwa macho ya Goa, kazi ilikuwa imekamilika. Wamempata mfalme wa pwani ambaye ni wao kwa lugha, kwa dini na kwa elimu. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa akae kwenye kiti cha baba yake.

Sasa jiweke katika nafasi ya huyu kijana. Anashuka gatini na jina la kigeni na nguo za kigeni. Watu wa mjini ni Waislamu, ni watu wa babu yake, nao wanamwangalia kama mgeni. Wareno wa ngome hawampi heshima ya mfalme. Kwao ni mswahili tu aliyevalishwa. Pande zote mbili hayuko. Sisi vijana tunaoambiwa nyumbani kwamba tumekuwa Wazungu, na ofisini kwamba tumetoka ushago, tunaijua kidogo hali hiyo. Yake tu ndiyo iliyokuwa na mizinga pembeni.

Kapteni wa ngome wakati huo alikuwa Pedro Leitão de Gamboa. Uhusiano wao ulikuwa mbaya. Kwa mujibu wa simulizi za Wareno wenyewe, ilifika habari kwa kapteni kwamba mfalme huyu Mkristo ameonekana akienda kwa siri kwenye kaburi la baba yake na kusali Kiislamu. Kwa sheria za Wareno wa karne ile, kurudi nyuma kutoka Ukristo lilikuwa kosa la kufa nalo. Kapteni akapanga kumkamata na kumpeleka Goa ahukumiwe.

Habari zikamfikia Yusuf kabla ya pingu.

TAREHE 16 AGOSTI 1631

Yusuf aliingia Fort Jesus na kundi la watu wake. Hawakulazimika kuvunja lango, kwani alikuwa mfalme na alizoeleka pale. Alipofika kwa kapteni, akamchoma jambia. Watu wake wakawageukia walinzi. Ngome ambayo Wareno waliijenga ili isichukuliwe kutoka baharini ilichukuliwa kutoka ndani, kwa mlango wa mbele.

Usiku ule Yusuf alilivua jina la Jerónimo. Akawa Muhammad Yusuf bin Hasan, Sultani Mwislamu wa Mombasa.

Kama stori ingeishia hapo, leo tungekuwa na sanamu yake pale kwenye mzunguko. Haikuishia hapo.

Wareno waliokuwa wakiishi mjini, kwenye mitaa ambayo leo ni Mji wa Kale, walikimbilia nyumba ya mapadre wa Augustino. Wanaume, wanawake, watoto, na Waafrika waliokuwa wamebatizwa. Walijifungia humo siku kadhaa. Hawakuwa na ngome tena, hawakuwa na mizinga, hawakuwa na meli ya kuwaokoa. Ndani ya siku hizo walitolewa na kuuawa. Waliopewa chaguo waliambiwa wasilimu au wafe. Waliokufa walizidi mia moja, na kati yao walikuwemo watoto ambao mwaka 1614 hawakuwa hata wamezaliwa.

Kanisa Katoliki likawaita wafiadini wa Mombasa. Huko Goa ulifunguliwa uchunguzi, mashahidi wakaapishwa na kuhojiwa. Ndiyo maana tunajua mengi kuhusu siku zile. Ila kumbuka pia kwamba karibu kila tunachokijua kimetoka upande mmoja. Yusuf hakuwahi kuketi kizimbani akaulizwa kwa nini.

TUMPELEKE MAHAKAMANI

Basi leo tumpe nafasi hiyo. Tumtoe 1631, tumsimamishe mbele ya hakimu wa Kenya ya sasa, tuone kujitetea kwake kungesimama wapi. Mimi si wakili na chuo sikumaliza, lakini sheria za Kenya ziko mtandaoni bure na zinasomeka.

Anzia kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Ni kifupi ajabu. Kinasema kwamba jinai ya mtu aliyetumia nguvu kujitetea au kutetea mali yake itapimwa kwa misingi ya sheria ya desturi ya Uingereza. Basi. Maelezo yote mengine yametoka kwenye hukumu za mahakama, miaka nenda miaka rudi, na ukizichambua unapata maswali matatu.

La kwanza: hatari ilikuwepo, na ilikuwa ya wakati ule? Si lazima usubiri kupigwa ndiyo ujitetee. Mtu akikuinulia panga, sheria haikudai uhesabu mpaka lishuke. Ukiamini kwa dhati kwamba unashambuliwa, hilo linazingatiwa. Lakini hatari ya wiki ijayo, au ya mwaka jana, si hatari ya sasa.

La pili: nguvu uliyotumia ililingana na hatari? Mahakama zinajua kwamba mtu aliye katika hofu hawezi kupima kwa mizani ya dhahabu. Mwaka 1971, katika kesi ya Palmer iliyotoka Jamaica na kuamuliwa London, majaji walilikubali hilo, na mahakama zetu zimeifuata kesi hiyo mara nyingi. Hata hivyo kuna mpaka. Aliyekusukuma kwenye foleni ya feri ya Likoni huwezi kumchoma kisu halafu ukasema ulijitetea. Aliyekupora simu na sasa anakimbia amekupa mgongo huwezi kumpiga risasi ya mgongoni. Simu ni mali, na mgongo haushambulii.

La tatu, na hapa ndipo Yusuf anapozama: hatari ilipoisha, uliacha?

Sasa tuanze naye. Kuhusu kapteni, wakili wake angekuwa na la kusema. Mteja wangu alikuwa anakaribia kukamatwa na watu waliomuua babake. Angepelekwa ng'ambo kuhukumiwa kifo kwa sababu ya dua kaburini. Kukimbia kulishajaribiwa na baba mtu, na kichwa chake kikasafiri. Hofu yake haikuwa ya kubuni.

Upande wa mashtaka ungejibu kwamba siku ile kapteni hakuwa amemnyooshea mtu silaha. Ni Yusuf aliyekwenda kwake, na hakwenda peke yake, alikwenda na kundi lililojiandaa. Huo si mkono ulioinuliwa kukinga pigo. Ni mpango. Hapo ingekuwa kesi ngumu, na mahakimu wangeweza kutofautiana usiku kucha. Na kumbuka, kwa sheria yetu mshtakiwa akileta hoja ya kujitetea, si kazi yake kuithibitisha. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuibomoa bila kuacha shaka ya maana.

Lakini nyumba ya mapadre? Hapo hakuna ubishi. Watu waliojifungia, wasio na ngome, wenye watoto mikononi, hawakuwa wakimshambulia mtu. Hatari aliyoiogopa Yusuf ilikufa pamoja na kapteni na walinzi. Kila pigo lililofuata lilikuwa jambo jipya, na jina lake ni kisasi.

Kuna wanaouliza, je, hasira? Si alichokozwa? Ndiyo, vifungu vya 207 na 208 vinatambua uchokozi. Mtu akiua kwa hasira ya ghafla, kabla damu haijapoa, kosa linaweza kushuka kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Neno la kushika ni ghafla. Kutoka 1614 hadi 1631 ni miaka 17. Damu hiyo ilipata muda wa kupoa. Maumivu yake yalikuwa ya kweli kabisa, lakini sheria inatofautisha maumivu na ghafla.

SASA TURUDI MTAANI

Unajua kwa nini nasumbuka na mfalme wa karne ya 17? Kwa sababu kesi yake hutokea Marikiti mchana kweupe.

Mtu anapiga kelele za mwizi. Kijana anakimbizwa, anaangushwa chini karibu na vibanda vya miraa. Aliyeporwa amempiga teke la kwanza, simu imerudi, kisu kimetolewa mkononi. Hatari imekwisha. Kisha wanakuja wengine ambao hawakuporwa kitu. Jiwe. Tofali. Tairi. Ukiwauliza, wote watasema wanalinda mtaa. Kisheria wako kwenye nyumba ya mapadre. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema watu wakiungana kwa nia moja ya kufanya kosa, na kosa likatokea kutokana na nia hiyo, kila mmoja anahesabiwa kuwa amelifanya. Kwa hivyo aliyetupa tofali la sita hawezi kujificha nyuma ya la kwanza.

Na hata yule aliyeshambuliwa kweli, akizidisha, haondoki bure. Mahakama ya Rufaa imeshasema kwamba nguvu iliyopita kiasi katika kujitetea inaweza kumfanya mtu apatikane na hatia ya kuua bila kukusudia. Hilo si kosa dogo. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Nawajua vijana wa Mombasa wanaoishi na woga wa magenge ya visu na mapanga. Woga huo hauna mzaha, na mtu anayerudi kutoka kazini usiku ana haki ya kufika kwao mzima. Ana haki ya kujitetea pia. Ninachosema ni kwamba haki hiyo inaanza mkono wa adui unapoinuka na inaisha mkono huo unapoanguka.

VIPI KUHUSU BUNDUKI?

Wengine watasema, mimi nitachukua bastola ya leseni nimalize kelele. Haya, tuongee.

Kenya si Marekani. Katiba yetu haikupi haki ya kuwa na bunduki. Kinachokuruhusu ni cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayekitoa ni Bodi ya Leseni za Silaha. Lazima uwe na sababu ya msingi ya kuihitaji. Sheria inataka usiwe mtu wa ulevi wala mwenye matatizo ya akili, wala usiwe na jambo lolote linalokufanya usifae kukabidhiwa silaha. Cheti kinaweza kukataliwa, na kilichotolewa kinaweza kufutwa. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye leseni za bunduki wapigwe msasa upya, wakubwa kwa wadogo. Na usidhani bastola ya bandia inakuokoa, maana kuitumia kufanya uhalifu ni kosa chini ya sheria hiyohiyo.

Maana yake ni hii: bunduki ya leseni si mali kama pikipiki. Ni amana. Umekabidhiwa kwa sababu mtu fulani aliamini kwamba unajua kujizuia.

Hapa mgeuzie macho kapteni pia, si Yusuf peke yake. Gamboa na makapteni waliomtangulia walikabidhiwa ngome na mizinga ili kulinda bandari. Wakaitumia silaha hiyo kumtisha mwenye mji, kumdharau, kumkumbusha kila siku nani ana baruti. Leo angekuwa yule jamaa anayeweka bastola juu ya meza ya baa ili wahudumu wamsikilize. Silaha iliyopewa kazi ya ulinzi ikigeuzwa ya kutishia, inazalisha adui ambaye asingekuwepo. Yusuf hakuzaliwa muuaji. Alitengenezwa na sebule ile yenye mgeni mwenye bunduki.

Kwa hivyo kama siku moja utakabidhiwa silaha, au una ndugu aliye nayo nyumbani, mambo ni machache na si magumu. Ifungiwe mahali watoto hawafiki. Isiende pamoja na pombe. Isitolewe kwenye ugomvi wa maegesho au wa mapenzi. Isionyeshwe kwa ajili ya picha. Ikitokea umelazimika kuitumia kujiokoa, ukishakuwa salama acha. Piga 999 au 112, msaidie aliyeumia kama unaweza, usiguse vitu, usihamishe maganda ya risasi, na usikimbie. Polisi wakifika, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza na haki ya wakili. Zitumie.

MWISHO WA MFALME

Turudi kwa Yusuf, maana bado ana miaka saba ya kuishi.

Januari 1632 meli za Wareno zikafika kutoka Goa chini ya Francisco de Moura. Waliizingira Mombasa mpaka Machi, wakashindwa, wakaondoka. Kijana aliyefundishwa vita na Wareno aliwazuia Wareno kwa ngome yao wenyewe. Kwa ufundi wa vita, noma sana.

Lakini angeshinda mpaka lini? Alijua watarudi, na baada ya yale ya Agosti hakukuwa na mlango wa mazungumzo uliobaki wazi. Huwezi kukaa mezani na watu ambao umewazikia watoto wao. Mei 1632 akabomoa sehemu za ngome, akauharibu mji ambao ulikuwa wake, akapanda meli alizoteka na kuondoka. Alikuwa ametawala akiwa huru kwa miezi tisa.

Wareno wakairudia ngome mwaka huohuo bila kupigana. Yusuf akageuka haramia, akizurura kati ya Arabuni na pwani yetu, akiwawinda Wareno baharini. Alikufa mwaka 1638 upande wa Bahari ya Shamu, mbali na kaburi la baba yake. Ukoo wa masultani wa Malindi uliishia naye. Wareno hawakumkalisha tena mfalme mwenyeji Mombasa. Mji ukabaki chini ya makapteni mpaka walipokuja Waomani.

Ukiingia Fort Jesus leo, kabla ya kufika kwenye kumbi za makumbusho, tazama juu ya lango. Kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Yanamtaja Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni aliyeijenga upya ngome akiwa na miaka 27, na yanajisifu kwa adhabu alizoipa pwani hii baada ya uasi. Miji ya pwani ililipa, watu ambao hawakuwemo hata siku moja katika ugomvi wa Yusuf na Gamboa.

Nimesikia watu wakimwita Yusuf shujaa. Nimesikia wengine wakimwita muuaji. Nadhani alikuwa na sababu kubwa kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuwa nayo. Alikuwa yatima wa mauaji yaliyolipiwa, mfungwa aliyevishwa taji, na pingu zilikuwa njiani. Kama kuna mtu aliyeweza kusema amechoka kuvumilia, ni yeye. Na bado, kilichomshinda si Wareno. Aliwashinda mara mbili. Kilichomshinda ni ule mlango wa nyumba ya mapadre, ambapo angeweza kugeuka na kurudi ngomeni, naye hakugeuka.

Watu wengi hawatawahi kuteka ngome. Ila mlango ule tutaufikia, kwenye ugomvi wa matatu, kwenye umati wa Marikiti, kwenye usiku ambao mwizi ameshaanguka na panga limebaki mkononi mwako. Hapo hakuna wakili, hakuna hakimu, na hakuna muda wa kusoma kifungu cha 17. Kwa hivyo kisome leo.